Sura ya 4: Mbona Mpira Haunogi Kama Zamani?

Kuna swali ambalo halikosi kuulizwa kila wikiendi, iwe kwenye kibanda umiza cha Manzese, kijiwe cha bodaboda Mwanza au baraza ya kahawa Tanga: mbona mpira wa siku hizi haunogi kama zamani? Anayeuliza si mgeni wa soka. Mara nyingi ni yule yule aliyekuwa akikariri vikosi vizima vya timu yake, aliyekesha akisubiri mechi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya inayoanza saa 4 au saa 5 usiku kwa saa zetu, na alfajiri akawahi daladala kwenda kazini. Bado anatazama, na jezi bado anayo. Ila timu ikifungwa, siku hizi anakula na kulala kama kawaida; ikishinda, furaha haifiki Jumatatu.

Wengi humjibu kwamba amezeeka tu. Jibu hilo ni jepesi mno kwa mtu aliyeipa timu nusu ya maisha yake. Sura hii inalichukua swali lake kwa uzito. Tutatumia zaidi mfano wa Ligi Kuu ya England, kwa sababu ndiyo ligi ya nje iliyoingia majumbani mwetu kuliko zote, kisha tutarudi nyumbani kuona kama ugonjwa ni ule ule.

Tuanze kwa haki: mpira wenyewe haujashuka

Tukilinganisha mchezo kwa mchezo, soka la leo ni bora. Wachezaji wana pumzi zaidi, viwanja havina matope yaliyokuwa yakimeza mpira kila Januari huko England, na beki wa leo anatoa pasi ambazo zamani zilikuwa kazi ya kiungo mchezeshaji.

Tena zamani haikuwa pepo. Aprili 15, 1989, kwenye uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye jukwaa la kusimama lenye uzio wa chuma mbele yao. Watu 97 walipoteza maisha. Baada ya msiba huo ndipo serikali ya Uingereza ilipotaka viwanja vikubwa viwe na viti kwa kila mtazamaji. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetamani siku zile zirudi.

Na sisi huku tuliwahi kuishi kwa kusikiliza mpira redioni, mtangazaji ndiye macho yetu. Leo mtu mwenye king'amuzi anaona kila pembe ya uwanja.

Kwa hiyo anayesema mpira haunogi halalamikii ubora wa pasi. Kinachomuuma ni nafasi yake ndani ya mchezo. Amekuwa kama mwenye nyumba aliyegeuzwa mpangaji: analala kile kile chumba, lakini kila mwezi anakumbushwa kulipa na hakuna anayemuuliza ukuta upakwe rangi gani. Tuone ilikuwaje.

Fedha zilipoingia

Mwaka 1992 klabu za daraja la kwanza England zilijitenga na kuanzisha Ligi Kuu yao. Sababu kubwa ilikuwa haki za matangazo, yaani fedha ambazo kituo cha televisheni hulipa ili kiruhusiwe kuonyesha mechi. Mkataba wa kwanza ulikuwa wa takribani pauni milioni 304 kwa miaka 5. Mkataba ulioanza msimu wa 2016/17, kwa mechi za moja kwa moja ndani ya Uingereza peke yake, ulifika pauni bilioni 5.136 kwa miaka 3. Ukigawanya kwa mwaka, ni kutoka kama milioni 61 hadi zaidi ya bilioni 1.7.

Fedha hizo zilijenga viwanja na kuleta wachezaji wakubwa. Lakini pia zilibadilisha jambo ambalo halionekani kwenye skrini: anayeilisha klabu. Zamani mlango wa uwanja ulikuwa chanzo kikubwa cha mapato, hivyo mtu aliyesimama mlangoni na tiketi mkononi alikuwa na sauti. Leo, kwa klabu nyingi za Ligi Kuu, televisheni inalipa kuliko mlango. Ndiyo maana mechi huhamishwa Jumatatu usiku hata kama shabiki wa ugenini hatapata treni ya kurudi kwao.

Mwaka 1995 likaja badiliko la pili. Mbelgiji Jean-Marc Bosman alikuwa amezuiwa na klabu yake kuhama ingawa mkataba wake ulikwisha. Desemba 15 mwaka huo, Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba ni huru kuondoka bila ada, na kwamba klabu za nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya haziwezi kuwekewa kikomo cha wachezaji wanaotoka nchi nyingine za umoja huo. Ilikuwa haki. Mchezaji ni mfanyakazi, na hakuna mfanyakazi anayestahili kushikwa kama mali.

Matokeo yake kwa shabiki, hata hivyo, ni kwamba milango ilifunguka kwa klabu tajiri kukusanya vipaji vya bara zima. Agosti 2017 Neymar alitoka Barcelona kwenda Paris Saint-Germain kwa euro milioni 222. Manchester City wakatwaa ubingwa wa England mara 6 katika misimu 7, kati ya 2018 na 2024. Bayern Munich walichukua wa Ujerumani mara 11 mfululizo, na Juventus wa Italia mara 9 mfululizo. Leicester City walipoibeba ligi ya England mwaka 2016, dunia nzima ilishangilia kwa sababu watu walikuwa wameanza kukata tamaa kwamba jambo hilo linawezekana.

*Kwa ufupi:* fedha ziliboresha mchezo na kuwapa wachezaji haki yao, lakini zilimwondoa shabiki mlangoni, mahali pekee alipokuwa na nguvu.

Goli linalosubiri kibali

VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video, ni refa anayekaa chumbani mbele ya skrini na kuwasiliana na refa wa uwanjani kwa kifaa cha sikioni. Ligi Kuu ya England ilianza kumtumia msimu wa 2019/20. Alipoanza, kanuni zilimruhusu kuingilia mambo manne tu:

- goli, kama lilipatikana kihalali;
- penalti, itolewe au isitolewe;
- kadi nyekundu ya moja kwa moja;
- refa anapomwadhibu mchezaji asiyehusika.

Nia ilikuwa njema, na yapo makosa mengi aliyoyasahihisha. Lakini tazama kinachotokea kibandani goli likiingia. Jamaa wa benchi la mbele ananyanyuka nusu, mikono hewani, halafu macho yanakimbia kumtafuta refa. Akimwona ameweka kidole sikioni, anakaa, na benchi zima linakaa naye. Mistari inachorwa, bega linapimwa, kisigino kinapimwa. Dakika zinapita. Goli likikubaliwa, watu wanapiga makofi kama waliotangaziwa matokeo ya mtihani wa mtoto wa jirani. Ile sekunde ambayo watu wasiofahamiana walikuwa wakikumbatiana imepita, na hairudi.

Na mashine hiyo bado inaendeshwa na watu. Septemba 30, 2023, Tottenham walikuwa wenyeji wa Liverpool. Matokeo yakiwa 0-0 na Liverpool wakiwa pungufu, Luis Díaz alipokea pasi na kufunga. Mshika kibendera akasema ameotea, yaani alikuwa mbele ya beki wakati pasi inapigwa. Chumba cha video kilipopima, kikaona hakuotea. Ila refa wa video alidhani uamuzi wa uwanjani ulikuwa goli, hivyo akathibitisha kwamba ukaguzi umekamilika na kila kitu kiko sawa. Mpira ukaanza tena. Sekunde chache baadaye waligundua kosa, lakini kanuni hazikuruhusu kusimamisha mchezo na kurudi nyuma. Liverpool walifungwa 2-1 kwa goli la kujifunga katika dakika za nyongeza, na jioni hiyo hiyo chombo cha waamuzi kikakiri kosa.

Juni 2024 klabu zilipigia kura pendekezo la Wolverhampton (Wolves) kwamba VAR iondolewe. Klabu 19 zilikataa, Wolves wakabaki peke yao. Watazamaji hawakuwa na kura.

Mechi nyingi, hamu ndogo

Kitu kikipatikana kila siku, hamu yake hupungua. Hatua ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ilikuwa na mechi 6 kwa kila timu. Tangu msimu wa 2024/25 ni 8, na timu zimeongezeka kutoka 32 hadi 36. Kombe la Dunia la Klabu likapanuliwa hadi timu 32 na kuchezwa Marekani katikati ya mwaka 2025, wakati ambao wachezaji walikuwa wakipumzika. Kombe la Dunia la 2026 lilipangiwa timu 48 na mechi 104, wakati lile la Qatar mwaka 2022 lilikuwa na mechi 64.

Septemba 2024 kiungo wa Manchester City, Rodri, aliulizwa kuhusu wingi huu wa mechi, akasema wachezaji wako karibu kugoma. Siku chache baadaye aliumia goti dhidi ya Arsenal na akakosa karibu msimu mzima. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ratiba ndiyo iliyomvunja. Lakini mwenye mwili wake alikuwa ameshasema umechoka, na mechi zikaendelea.

Wakati huo huo, England imefuta mechi za marudiano katika Kombe la FA kuanzia raundi ya kwanza rasmi. Klabu ndogo ikitoka sare na klabu kubwa zamani ilipata mechi ya pili, na mapato ya mechi hiyo yaliweza kulipa mishahara ya miezi kadhaa. Nafasi hiyo imeondolewa, kwa maelezo kwamba ratiba imejaa.

Mkeka kati ya shabiki na timu yake

Kubeti kupo tangu zamani. Kilicho kipya ni kwamba kumeingia mpaka kifuani mwa jezi. Julai 13, 2017, Everton walikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia ya Kenya kwenye Uwanja wa Taifa. Wayne Rooney, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi Everton, alifunga, na wageni wakashinda 2-1. Ilikuwa siku kubwa kwa watu wa Dar. Kifuani mwa Everton palikuwa na jina la kampuni ya kubashiri, SportPesa.

Klabu za Ligi Kuu ya England zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa wadhamini wa kamari sehemu ya mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Mikono ya jezi na mabango ya uwanjani hayakuguswa. Vibandani kwetu athari imeshakaa. Kijana mwenye jezi ya Arsenal anaomba Arsenal wafungwe goli moja la mwisho kwa sababu mkeka wake, yaani orodha ya mechi alizobetia, unataka timu zote mbili zifunge. Goli likiingia anashangilia, na wenzake hawamshangai. Yeye hana kosa la kushikia bango. Amefundishwa kila siku, kwenye simu na kwenye skrini, kwamba mechi ni mahali pa kutafuta hela ya kesho. Mapenzi ya timu yanahitaji mtu awe upande mmoja kwa dakika zote 90, na mkeka haumruhusu.

Timu ni ya nani?

Bury ni mji mdogo kaskazini mwa Manchester. Klabu yake ilianzishwa mwaka 1885 na ilitwaa Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903. Desemba 2018 iliuzwa kwa pauni 1, ikiwa na madeni. Mmiliki mpya hakuweza kuthibitisha kwamba fedha za kuiendesha zipo. Agosti 27, 2019, mashabiki walijitokeza uwanjani kwao, Gigg Lane, kufanya usafi wakitumaini kwamba mnunuzi atapatikana na mechi itachezwa. Usiku huo klabu ikafukuzwa kwenye ligi. Waliokuwa wameshika mafagio mchana hawakuwa na saini kwenye karatasi hata moja.

Aprili 18, 2021, klabu 12 tajiri zilitangaza Ligi Kuu mpya ya Ulaya, ambayo waanzilishi wake wasingeshuka daraja hata wakishika mkia. Sita zilitoka England: Arsenal, Chelsea, Liverpool, Manchester City, Manchester United na Tottenham. Siku mbili baadaye mashabiki wa Chelsea walijaa nje ya Stamford Bridge na kuzuia basi la timu. Golikipa wao wa zamani, Petr Čech, ambaye sasa alikuwa kiongozi wa klabu, alitoka kuwasihi wampe muda. Kabla usiku haujaisha, klabu zote sita za England zilikuwa zimejiondoa au zimetangaza kujiondoa.

Matukio haya mawili yanaeleza swali letu vizuri kuliko kitu kingine chochote. Shabiki wa leo anaweza kuipenda klabu mpaka mwisho na bado akaikuta imekufa. Lakini pia anaweza, akiungana na wenzake, kuwarudisha nyuma matajiri wa bara zima ndani ya saa 48.

Na hapa nyumbani?

Sisi tuna jambo ambalo Waingereza wengi wamelipoteza: Yanga, iliyoanzishwa 1935, na Simba, iliyoanzishwa 1936, bado zina wanachama wanaopiga kura. Lakini kuwa na kadi ya uanachama na kuheshimiwa ni mambo mawili.

Mei 8, 2021, watani wa jadi walipangwa kucheza Uwanja wa Benjamin Mkapa saa 11 jioni. Siku hiyo hiyo muda ukasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakaja kwa muda wa kwanza, wakaondoka. Simba wakaja kwa muda wa pili. Maelfu waliokwisha kukaa majukwaani hawakuona mechi. Machi 8, 2025, ikawa tena: Simba walisema hawatacheza kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani, na Bodi ya Ligi ikaahirisha dabi. Ilichezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0.

Mnaweza kubishana mpaka asubuhi nani alikuwa na kanuni upande wake. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba mtu aliyetoka mkoani kwa basi, akalala kwa ndugu, akanunua tiketi na kupanga foleni juani, alikuwa wa mwisho kupewa taarifa na wa mwisho kufikiriwa. Ugonjwa wa England umefika kwetu kwa sura nyingine.

*Kwa ufupi:* mahali popote ambapo uamuzi unafanywa bila shabiki kuwa mezani, yeye ndiye hulipa gharama.

Shabiki afanye nini?

Kukata tamaa si lazima kuwe mwisho. Wako mashabiki waliopata matokeo, na njia zao zinafahamika:

1. *Waliondoka kwa pamoja.* Februari 6, 2016, kama mashabiki 10,000 wa Liverpool walitoka Anfield dakika ya 77, kupinga tiketi ya pauni 77. Timu ilikuwa ikiongoza 2-0, ikaishia 2-2. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi na kuifuta bei hiyo.

2. *Walilinda kura yao.* Ujerumani ina kanuni ya 50+1, inayotaka wanachama wa klabu wabaki na kura nyingi kuliko mwekezaji, isipokuwa kwa klabu chache. Ligi ilipotaka kumuuzia mwekezaji sehemu ya mapato yake ya baadaye, mashabiki walisimamisha mechi moja baada ya nyingine kwa kurusha mipira ya tenisi uwanjani. Februari 2024 mpango huo uliachwa.

3. *Walianza upya.* Mwaka 2002 klabu ya Wimbledon iliruhusiwa kuhamia mji wa Milton Keynes. Mashabiki wakaunda AFC Wimbledon wakaimiliki wenyewe, wakaanzia daraja la tisa. Mwaka 2011 waliingia kwenye ligi ya kulipwa, na 2020 wakarudi Plough Lane, mtaa wao wa asili.

Ukitazama vizuri, hakuna hata mmoja kati yao aliyeshinda kwa kulalamika peke yake mbele ya skrini. Na hapo ndipo ninapomwomba msomaji apime upya mahali alipoweka moyo wake. Tazama England, furahia ufundi wake, lakini usiidai upendo ambao haiwezi kukurudishia ukiwa Mbeya au Mombasa. Kule hujapewa hata kiti cha kusikilizwa. Upendo wenye haki ya kuuliza uko karibu. Coastal Union ya Tanga iliwahi kuwa bingwa wa nchi mwaka 1988, na Tukuyu Stars mwaka 1986, na hazikuwa na matajiri wa mafuta nyuma yao. Zilikuwa na mji.

Kwa hiyo lipia kadi yako ya uanachama. Nenda kwenye mkutano mkuu na usome katiba ya klabu kabla hujaipigia kura. Uliza fedha za mlangoni zimekwenda wapi. Dai kwamba mechi ikiahirishwa, aliyenunua tiketi arudishiwe nauli ya heshima, yaani maelezo na fedha zake. Timu ya mtaani kwako ikicheza Jumamosi, nenda kaione na mwanao, ajue majina ya wachezaji anaoweza kuwaamkia njiani. Mpira utanoga tena kwa mtu ambaye neno lake linabadilisha kitu, na neno hilo hatutapewa bure: tutalidai sisi wenyewe, tukiwa wengi.